Skrubu ya Mkono wa Kushoto

Nianze na upumbavu wenyewe, ili msomaji asichoke kuutafuta. Skrubu ya cherehani ya mama niliiharibu mimi. Niliing'oa kwa koleo, kwa nguvu, kwa upande usio wake, na sababu ni kwamba nilitaka kuwa Bwana Shauri.

Bwana Shauri wa kuigiza, lakini. Shuleni kwetu wakati wa mapumziko nina desturi ya kumwigiza yule mzungu wa boma anavyosikiliza kesi za ng'ombe: anafumba jicho moja, anajikuna mguu kwa fimbo, kisha anatamka, "Mimi nasikia yote, sasa nyinyi rudi nyumbani." Kofia nilikuwa nayo, nusu ya kibuyu iliyopakwa chokaa. Kilichokosekana ni nembo ya kung'aa pale mbele. Na katika nyumba yetu nzima kitu cha shaba kinachong'aa kilikuwa kimoja tu, kichwa cha skrubu inayoshika kipini cha cherehani ya tarizi.

Cherehani hiyo si kama zile za mafundi wa kwenye mabaraza ya maduka. Haishoni nguo, inazichora. Chini ya meza yake kuna kipini, na sindano huko juu inakifuata kama mbwa anavyomfuata mwenye mfupa. Mama akikizungusha duara, kwenye kitambaa linatoka duara. Akikipinda, linatoka jani. Yeye mwenyewe haiti kazi hiyo kushona, anaiita kuandika. Kipini chote kinashikwa na skrubu moja. Ikitoka hiyo, sindano inakwenda inakotaka.

Sasa, madrasa inatufundisha kwamba cha heri ni kulia na cha shari ni kushoto. Unaingia msikitini kwa mguu wa kulia, unaingia chooni kwa wa kushoto. Na skrubu zote nilizowahi kuzichokonoa, ambazo si haba, mwulizeni mwalimu habari za kengele ya shule, zilikuwa na dini hiyohiyo: kufunga kulia, kufungua kushoto. Basi mama alipokwenda msibani nikajilaza chali chini ya meza, nikaizungusha kushoto. Ikakataa. Nikaongeza nguvu, ikazidi kukataa. Nikaleta koleo la baba. Ikalia kama mbuzi, halafu ikalegea ghafla, ikanidondokea kifuani pamoja na unga wa manjano. Ingekuwa ni Geita ningedhani nimetajirika. Nilipoiinua kwenye mwanga nikaona ile mifereji inayoizunguka, ambayo mafundi wanaiita hesi, imelala yote kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.

Hamu ya kuwa Bwana Shauri ikaniisha palepale. Nikajaribu kuirudisha, ikawa inazunguka tu bila kushika. Nikafikiri: imepungua unene, basi inenepeshwe. Nikatia mkono kwenye kapu la nyuzi, nikatoka na uzi wa kwanza uliogusa kidole, mwekundu, nikaizungushia tabaka juu ya tabaka. Juu yake nikapaka gundi ya mgunga, ile tunayobandikia tiara, maana hapa Shinyanga miti ya kutoa gundi hiyo ni mingi kuliko watu. Nikafunga fundo, nikaishindilia tunduni kwa kiganja. Ikakaa. Nikaifuta, nikajisifu, kisha nikaenda kuoga bila kuambiwa, jambo ambalo peke yake lilitosha kumshtua mama kama angekuwepo.

Ilishika muda wa kutosha kunifanya nisahau. Mama alikuwa anamalizia kanzu ya harusi ya karani mmoja wa pamba, amefika shingoni, pale penye kazi ya macho. Mimi nilikuwa kizingitini nikijifanya nasoma. Nikasikia kitu kikianguka sakafuni, kisha cherehani ikaendelea kukimbia peke yake kwa kitambo kidogo, kisha kimya. Mshono ulikuwa umetoka shingoni, umekata kifua cha kanzu kwa mshazari, umeishia karibu na mfuko.

Mama akapiga magoti, akaokota skrubu, akaja nayo mlangoni penye mwanga. Na hapo ndipo nilipoiona kwa macho ya mtu mwingine. Gundi ilikuwa imekusanya vumbi, nyuzinyuzi za pamba, na unywele mmoja mrefu. Uzi mwekundu, fundo, unywele, na katikati yake chuma. Hata mimi niliyeitengeneza niliiogopa.

Wakati huohuo akaingia jirani yetu Msukuma, mama mtu mzima asiyepitwa na harufu ya jambo. Akatoa "mwadila" yake, salamu ya jioni, akaitikiwa nusu, akasogea, akatazama mkononi mwa mama. Sauti ikamshuka.

"Chelehani imelogwa hiyo," alisema.

Jirani yetu huyu hana herufi ya r. Nadhani ilikuja na treni kama sisi wengine, ila yeye aliipokea vibaya ikashukia Tabora. Siku nyingine ningecheka. Mama akamwuliza anamaanisha nini, naye akasema yeye hamtaji mtu, yeye ni mpita njia, lakini skrubu haijifungi uzi yenyewe. Halafu akageuza macho taratibu mpaka kwenye kapu la nyuzi, akayaacha hapo.

Uzi mwekundu katika nyumba yetu ulikuwa wa mtu mmoja.

Huyo ni mwanamke wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, ambaye mimi namwita mama mdogo ingawa hatuna udugu. Kudarizi alifundishwa na masista wa misheni ya huko, na nyuzi zake nyekundu alikuja nazo mwenyewe. Mume wake alikwenda kwenye dhahabu ya Geita, akamwambia atangulie Shinyanga, akae nyumba ya mama wa tarizi karibu na stesheni, naye atamfuata hapo. Alikuwa bado hajamfuata. Mama mdogo alikuwa akimsaidia mama kazi, analala chumba cha uani, na kila treni ikipiga honi anaacha sindano katikati ya mshono, kisha anaendelea. Hata siku treni ya kwenda Mwanza ilipokutana na ya Tabora, aliacha sindano mara zote, kana kwamba mtu wa Geita anaweza kutokea upande wowote.

Mama alikuwa anampenda mpaka siku mkasi ulipopotea. Mkasi mzuri, wa ncha kali, aliouleta baba kutoka Tabora. Ulitafutwa mpaka ndani ya mtungi. Tangu hapo mama alianza kuhesabu vitu kwa macho kila mama mdogo alipoinuka. Mkasi, naomba nieleweke, sikuuchukua mimi. Naapa. Na najua kiapo changu kina uzito gani mtaani.

Kwa hiyo uzi mwekundu ulikuta moto umeshakokwa.

Baba hakuwepo, yeye ni mtu wa reli, huwa nyumbani siku treni inapotaka. Mama akawa hakimu peke yake. Hakumtuhumu mama mdogo waziwazi. Aliacha kunywa maji ya mtungi wa uani. Alianza kuchoma taka za nywele zake mwenyewe baada ya kuchana. Na chakula alichopika mama mdogo hakukigusa mpaka mimi nianze. Aliniweka kuwa mwonjaji, akinikodolea macho kuona kama nitaanguka. Kwa kuwa mimi peke yangu nilijua hakuna uchawi, nilionja kwa moyo mweupe, na kuonja kwangu kulifika nusu ya sufuria.

Lakini kicheko hicho kilikuwa cha juujuu. Nilianza kumwogopa kila mtu. Jirani akinitazama, nahisi amejua. Kuku akichakura karibu na kopo langu la gundi, nahisi ametumwa. Mama mdogo mwenyewe aliponiuliza kwa upole kama nimeuona uzi wake, maana kibonge kimepungua, nilimjibu kwamba labda ni panya. Akasema panya wa kwao hawali uzi. Sikujua kama ananishuku au anazungumza tu.

Fundi aliyeitwa alikuwa amerudi karibuni kutoka machimboni Geita, alikokuwa akikata hesi za mabomba ya pampu. Siku hizi anakaa kwenye baraza la duka la Mhindi wa vitambaa, anatengeneza baiskeli na kandili, na kwa maneno yake hakuna mashine iliyowahi kuguswa na yeye ikamsahau. Kwa mama alikuwa na makosa kabla hajafungua mfuko wa vyuma. Kwanza alikuwa fundi, na mafundi wote wanajulikana: wanachomoa chuma kizuri wanapachika kibovu. Halafu alikuwa Msumbwa. Halafu, alipopokea glasi ya maji, aliipokea kwa kulia lakini bisibisi akaishika kwa kushoto.

Mbaya zaidi, mama mdogo alimsalimu kwa Kisumbwa, naye akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Mama akanivuta jikoni. Akaniuliza wamecheka nini. Nikasema Kisumbwa sikijui. Akasema shule yote ile na Kisumbwa sikijui. Baadaye nilikuja kugundua walichokicheka. Kofia yangu ya Bwana Shauri ilikuwa juu ya banda, na kuku alikuwa ameigeuza kiota. Lakini siku hiyo kicheko kile kilikuwa ushahidi.

"Kaa karibu naye, usibanduke," mama aliniamuru. "Chuma chochote kikiingia mfukoni mwake, kohoa."

Ndivyo mwizi alivyopewa kazi ya ulinzi. Nikaenda uani, ambako cherehani ilikuwa imetolewa ili fundi apate mwanga, nikakaa juu ya kinu kilichofudikizwa, macho kwenye mifuko ya fundi, naye akalala chini ya meza palepale nilipolala mimi. Tatizo ni kwamba alipoanza kukwangua kutu, vumbi likanipalia, nikakohoa. Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Fundi akatoka chini ya meza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Bila kuambiwa akapindua mifuko yake yote miwili nje. Ilikuwa na tumbaku na kipande cha muhogo mkavu. Mama akarudi ndani. Mimi nilijifunza kukohoa kimoyomoyo.

Kisha fundi akaiomba ile skrubu. Mama aliileta ndani ya kitambaa, ameishika kwa ncha za vidole, akaiweka chini badala ya kumpa mkononi. Fundi akaiokota. Akaukwangua uzi kwa ukucha, akanusa, halafu, mbele ya mama, akalamba. Mama akajiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mimi nikatazama mawingu, na siku hiyo mbingu haikuwa na wingu hata moja.

Fundi hakusema alichokionja. Alisubiri mama ageuke, ndipo akaninong'oneza:

"Wachawi wa Shinyanga siku hizi wanarusha tiara?"

Vidole vyangu vilikuwa bado vinang'aa gundi ya jana. Nikavikalia.

Kwa mama akaeleza jambo jingine kabisa. Alisema mkono wa mama unakizungusha kipini kuelekea kulia kutwa nzima, na skrubu ya kawaida ingefunguka yenyewe kidogo kidogo mpaka ianguke. Kwa hiyo waliotengeneza cherehani hiyo waliikata hesi yake kinyume, ifungwe kwa kushoto na ifunguliwe kwa kulia, kama pedali ya kushoto ya baiskeli. Aliyejaribu kuifungua hakulijua hilo. Alikuwa anaikaza huku akidhani anailegeza, mpaka hesi ikafa.

"Au alijua," mama alisema.

Katika maelezo yote yale alikuwa amesikia neno moja tu, kushoto. Alinigeukia na uso unaosema, sikukuambia? Skrubu ya kushoto, fundi wa kushoto, na mama mdogo amekaa uani, kwa bahati mbaya, upande wa kushoto wa mlango.

Tundu la chuma lilikuwa zima, isipokuwa hesi za mdomoni zilizoumia kidogo, na hizo fundi alizinyoosha kwa ncha ya tupa. Ile ya shaba ndiyo iliyokufa. Hapo ndipo majivuno ya Geita yalipogonga mwamba. Vyuma vyake vyote vya kukatia hesi vilikata kulia. Alivipanga chini, akavigeuza, akavipanga tena, kama vile kimojawapo kingebadili nia. Nilimwona jasho likimtoka, nikafurahi kidogo. Ni raha kumwona mtu anayekujua siri naye akiwa na shida yake.

Mwishowe akasema itabidi aikate kwa mkono, kama walivyofanya wa zamani. Akatoa kipande cha shaba, ambacho mama alitaka kujua kimetoka pampu ya nani, akakipunguza kwa tupa mpaka kikaingia tunduni bila kucheza. Halafu akaomba uzi.

Mama akauliza uzi wa nini.

Akasema uzi wa kuonyesha njia. Nyuzi mbili za rangi mbili zinazungushwa pamoja kwenye shaba, zimelala ubavu kwa ubavu, bila kupandana na bila kuachana. Kisha moja inaondolewa. Pale ilipokuwa, tupa inapita. Akasema uzi uwe mweupe na mwekundu ili jicho lisikosee, na huo mwekundu upakwe gundi ili usisogee. Alikuwa anaagiza, kitu kwa kitu, ule ule uchawi.

Na bila hata kuniangalia akaongeza:

"Gundi kalete wewe. Wewe ndiye unayejua ilipo."

Mama akauliza kwa nini huyu. Fundi akasema watoto wote wana gundi, mama, ni kama chawa. Nikaenda nyuma ya banda, nikarudi na kopo langu, nikaliweka chini nikiwa nimeliziba kwa viganja vyote viwili kana kwamba ndani yake kuna nyoka.

Fundi alijaribu kuzungusha nyuzi mwenyewe, zikapandana. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa mabomba. Mama akasema alete. Lakini mkono wa mama ulikuwa na hasira, na uzi unajua. Ukakatika mara mbili. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa amekaa pale mlangoni, akaja akapiga magoti. Akasema, "Niruhusu, dada," akaipokea shaba ile kwa heshima, akaanza kuzungusha. Kuelekea kushoto. Nyekundu na nyeupe zilipanda pamoja kama watoto walioshikana mikono, hazikupishana hata unywele. Alipomaliza akakata ncha kwa meno, maana mkasi haukuwepo, akampa fundi. Alitabasamu. Nadhani aliamini kwamba sasa ameonyesha moyo wake, na mambo yatakwisha.

Mimi nilikuwa karibu na mama, nikasikia alichokisema kwa chini.

"Umeona? Mkono ule haukujifunza leo."

Kumbe mama mdogo alikuwa amejihukumu kwa vidole vyake mwenyewe. Kila mzunguko uliotoka mzuri ulikuwa msumari mmoja zaidi. Nilitaka kusema neno. Nililitafuta, nikakuta mdomoni mwangu kuna mzaha tu, na mzaha haukuwa na pa kuanzia.

Kazi yenyewe ilichukua mchana wote. Fundi aliibana shaba kwenye jiliwa dogo alilolifunga kwenye kinu changu, akautoa uzi mweupe polepole, ukabaki mwekundu umejikunja peke yake na njia tupu kando yake. Akapitisha pembe ya tupa kwenye ile njia, kwa uzito wa manyoya, akiizungusha shaba kidogo, anapitisha, anazungusha, anapuliza. Nilisahau kuangalia mifuko yake. Angeweza kuondoka na cherehani nzima. Uzi mwekundu ulipoondolewa, hesi ilibaki kwenye shaba, nyembamba, inang'aa, imepanda kwa kushoto kama mzabibu. Akaipaka mafuta, akalala chini ya meza, akaiingiza. Ilikwama mwanzoni. Akaitoa, akaigusa kwa tupa mahali fulani, akairudisha. Ikaingia, ikazunguka, ikakaza. Akashika kipini akakivuta kwa mikono miwili. Cherehani nzima ikasogea na meza yake.

Mama alikaa, akaweka kitambaa chakavu, akaandika duara. Likatoka duara.

Fundi akajisifu kidogo, mengine kwa haki, akakusanya vyuma vyake. Nilimsindikiza mpaka kwenye mkorosho wa nyuma ya stesheni, nikamwuliza kama atamwambia mama.

"Mimi nimeitwa kutengeneza hesi," alisema. "Hayo mengine hayana kichwa cha kushikia bisibisi."

Nilirudi nyumbani nikiamini nimeokoka. Cherehani imepona, kanzu itamalizwa, kila mtu atasahau. Lakini nilipoingia uani nikakuta jirani amekaa kwenye kigoda chetu, na mama amesimama, na mama mdogo anakunja mkeka wake.

Jirani alikuwa amesema, na mama amekubali, kwamba chuma kimetibiwa lakini mkono uliokiharibu bado unakula humu ndani. Lori lililoleta pamba lilikuwa linarudi Kahama kabla ya magharibi, na dereva wake amekubali kumchukua mtu. Mama alimwambia kwa adabu, hakumtukana. Alisema ni vizuri akapumzike kwao. Mama mdogo hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua tangu siku mama alipoacha maji ya mtungi. Alifunga mzigo wake, akauweka kizingitini, akakaa juu yake. Kitu kimoja tu alisema, na alikisema kwa mama, si kwa jirani:

"Dada, mume wangu aliniambia nimngoje mlango huu. Akija, atapiga hodi wapi?"

Mama aliingia ndani, akaichukua ile kanzu ya karani, akakaa nayo dirishani kuutoa ule mshono uliokwenda upogo. Mshono wa cherehani hiyo ni wa mnyororo. Ukishaipata ncha yake, unavuta tu na wote unafumuka. Alikuwa anatafuta ncha kwa sindano na haipati.

Nilisimama kati ya dirisha na kizingiti. Barabarani lori lilikuwa limeshaanza kuwashwa, mtu anazungusha mpini wa mbele, linakohoa, linanyamaza. Nilikuwa na maneno mengi ya kuchekesha. Nilifikiri kuingia na ile kofia ya kibuyu na kutamka, "Mimi nasikia yote, sasa nyinyi rudi nyumbani." Nilifikiri kusema ni panya. Lori likakohoa tena, na safari hii halikunyamaza. Mama mdogo akainuka, akautia mzigo kichwani.

Nikamwambia mama yote. Nilimwambia haraka, nikitazama kitambaa: kofia, nembo, koleo la baba, kushoto nilikodhani ni kufungua, uzi niliouchukua bila kutazama ni wa nani, gundi, fundo. Nilimwambia unywele hata mimi sijui ni wa nani, huenda ni wake mwenyewe. Nilisema mama mdogo hajui lolote. Nilisema nilikula nusu ya sufuria kila siku kwa sababu nilijua.

Wakati naongea aliipata ncha. Alivuta, na mshono ukafumuka kutoka mfukoni mpaka shingoni, ukabaki uzi mrefu uliojikunja mapajani mwake. Akautoa, akaukunjakunja kidoleni, akauweka kando. Akainuka. Alipita mbele ya jirani bila kumtazama, akafika barabarani, akaushusha mzigo kutoka kichwani mwa mama mdogo kwa mikono yake miwili, akarudi nao mpaka chumba cha uani. Nilisikia mkeka ukikunjuliwa. Alipotoka alikuwa amebeba kata ya maji ya mtungi wa uani, akanywa yote amesimama, mbele yetu sote, maji yakimchuruzika kidevuni.

Jirani akasema anaitwa nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Mimi nilikuwa nimeshachagua ukuta wa kuegemea nikisubiri fimbo. Mama akakaa tena kwenye cherehani, akalaza kanzu, akashika kipini chini ya meza, akakijaribu kulia, akakijaribu kushoto. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, na siwezi kusema kama alikuwa anacheka au la. Mama hakuinua uso. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Haya, skrubu tumeipata. Sasa niambie mkasi umeuficha wapi."